SOMO: Foki na breki zinazoendana unapofufua baiskeli ya zamani (Phoenix, Raleigh, Hero)

Wakuu habari za muda huu. Naona watu wengi siku hizi wanazifufua zile baiskeli za wazee, na ni jambo zuri sana maana chuma kile hakipatikani tena. Ila mtu anapiga rangi, anaweka siti ya ngozi, anapanga spoku mpya zinang'aa, halafu anakwama kwa mbele, foki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) haiingii au breki inabana hewa. Mara nyingi ni kwa sababu alinunua foki au breki kabla ya kuijua ringi yake. Ringi ndo inaamua breki, halafu breki pamoja na lile bomba la mbele la fremu ndo vinaamua foki. Ukiugeuza mpangilio huo hela inapotea.

HATUA YA 1: Isome ringi

Usiamini namba 28 peke yake. Ubavuni mwa tairi tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Phoenix, Hero na Raleigh kubwa za breki za fimbo (zinazovutwa na fimbo za chuma badala ya waya) ni 635, ile wanayoiita 28 x 1½. Raleigh za 26 x 1⅜ ni 590. Mountain bike za 26 ni 559, na baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya ni 622. Sasa balaa ni kwamba tairi la 635 na la 622 yote yanaweza kuandikwa 28 na hayaingiliani kabisa, hata uite mafundi wa soko zima.

Ukishajua namba, pitisha kidole ubavuni mwa ringi. Ringi ya breki za fimbo ubavu wake umejikunja mviringo, hakuna sehemu bapa, raba zinapanda kwa chini na kubana upande wa ndani unaotazama spoku, huku na huku ya mstari wa nipeli. Ringi ya breki za kubana za waya ina ubavu bapa ulionyooka. Ipo na ya mchanganyiko, ubavu bapa na ndani kuna nafasi ya raba za fimbo, ukiipata hiyo usiiachie.

HATUA YA 2: Chagua breki

Ringi yenye ubavu wa mviringo = breki za fimbo, hakuna mjadala. Ukifunga za kubana, raba zitashika kwenye mkunjo, zitateleza na kuparamia tairi. Na ukibaki na fimbo hakikisha seti imekamilika, usukani wenye mikono yake, fimbo ya kushuka mbele, ile U ya raba, na vishikizo vinavyofungwa kwenye miguu ya foki ili U isicheze. Vishikizo watu wanavidharau, halafu breki inapiga kelele na kuvuta upande mmoja.

Kama ringi ni bapa, pima urefu wa breki. Simamisha gurudumu kwenye foki, pima kutoka katikati ya tundu la bolti juu ya foki hadi katikati ya ule ubavu bapa. Breki fupi zinafika milimita 39 hadi 49, za kati 47 hadi 57, ndefu zinaanzia kama 55 na kuvuka 70. Kwa hizi za zamani jiandae kutafuta ndefu.

Mkono wa breki nao uendane. V-brake (ile yenye mikono miwili mirefu iliyosimama kwenye miguu ya foki) inataka mkono unaovuta waya mwingi, za kubana za kawaida zinataka unaovuta kidogo. Ukichanganya, ama mkono unagusa usukani kabla haijashika, ama breki inakuwa ngumu kama umebana jiwe.

HATUA YA 3: Foki

Hapa pana mambo mengi, usiruke.

Shingo ya foki (lile bomba linaloingia kwenye fremu) kwa baiskeli za zamani kwa kawaida ni inchi moja, yaani milimita 25.4, na ndani yake unaingia mguu wa usukani wa 22.2. Foki nyingi za mountain bike za baadaye zina shingo ya 28.6, hiyo haiingii na usikubali fundi akwambie atakwangua fremu.

Pili ni thredi (mikato ya kufungia nati). Foki nyingi za inchi moja zina thredi 24 kwa inchi, ila Raleigh za kiwandani Nottingham zilikuwa na 26. Kwa macho huoni tofauti. Utaijua kwa vidole, nati ya 24 kwenye foki ya 26 inaanza vizuri, inazunguka kidogo halafu inagoma. Ikigoma acha! Watu wanachukua spana ndefu na kulazimisha, wanaua foki ya asili na nati kwa mpigo. Kama ni Raleigh, foki, kikombe cha juu chenye thredi (kinachokalia gololi) na nati ya kufungia vikae pamoja kama familia, ukibadili foki vibadili vyote.

Tatu, urefu wa shingo. Upime urefu wa bomba la mbele la fremu ujumlishe vikombe na nati. Shingo ikiwa ndefu kidogo weka washa (pete za chuma). Kuchonga thredi ndefu kwenda chini sio suluhisho, kwa sababu kabari ya usukani (ile inayoukaza mguu wa usukani ndani ya shingo) ikitanukia kwenye sehemu yenye thredi inaweza kuipasua shingo, na hapo ndo mtu anabaki na usukani mkononi kwenye mteremko.

Nne, upana wa chini. Foki za zamani nyingi ni milimita 90 na kitu kati ya mguu na mguu na nafasi ya ekseli kama 8, habu (vitovu vya gurudumu) za kisasa zinataka 100 na ekseli ya 9.

Mwisho angalia ule ukingo wa chini ya shingo inapokaa koni (pete ya gololi za chini), kuna wa 26.4 na wa 27.0. Koni kubwa kwenye ukingo mdogo italegea na usukani utagonga kila ukifunga breki.

HATUA YA 4: Funga bila grisi kwanza, zungusha gurudumu, vuta breki, ukiridhika ndo ufungue uweke gololi na grisi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Shinyanga: Mkuu shukrani kwa somo. Nina Phoenix, nimeshanunua ringi za aluminiamu 622, breki zangu za fimbo zitafanya kazi?

Jibu: Hapana kaka. Ringi imeshuka milimita 6.5 kwa kila upande (635 toa 622, gawa kwa mbili) na haina pa kukanyaga raba za fimbo. Tafuta breki za kubana ndefu, ila kwanza angalia kama foki yako ina tundu la bolti. Na tairi zako za zamani hazitaingia.

Mdau: Foki imepinda kidogo kwa mbele baada ya kugonga shimo, inanyooshwa?

Jibu: Mguu wa chuma uliopinda kidogo bila mkunjo wala ufa, fundi mzoefu ananyoosha. Safisha rangi pale shingo inapokutana na miguu, ukiona ufa au ulehemu wa mtaani, tupa. Usimuuzie mwenzio.

Mdau wa Kisumu: Na disc brake (breki inayobana sahani ya chuma iliyo kwenye habu) je, naona fundi mmoja huku anachomelea kishikizo kwenye foki ya Hero.

Jibu: Ndugu yangu mkataze. Disc inavuta mguu mmoja tu na tena kwa chini, mguu mwembamba ule haukutengenezwa kwa nguvu hiyo.

Dada mdau: Mvua ikinyesha breki zangu hazishiki kabisa na ringi ni za kung'aa za chuma. Nibebe mtoto nyuma kweli?

Jibu: Dada usimbebe kwanza. Chuma cha kung'aa kikilowa kinateleza hata kwa raba mpya. Ukipata raba zenye ngozi usoni zinasaidia kwenye chuma, usiziweke kwenye aluminiamu. Dawa kamili ni ringi za aluminiamu. Nitumie namba za ubavuni mwa tairi na urefu kutoka tundu la bolti hadi ringi, nikwambie breki ipi utafute.