Kabla ya kwenda kuwatazama yangeyange Bagamoyo

Anza na mwezi, darubini baadaye. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na kila yangeyange aliye kwenye tope anaonekana kivuli kitupu. Utaona ndege, hutaona rangi ya mdomo. Unayoitaka ni alasiri, jua liko mgongoni na maji yanarudi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupwa kabisa karibu saa 4 au 5 asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Hesabu siku 4 baada ya mwezi mpevu au mwandamo: maji yatakuwa yamekupwa saa 7 au 8 mchana, na yakianza kujaa yatawasogeza ndege wenyewe mpaka karibu nawe. Waulize wavuvi siku moja kabla, saa wanaijua.

Nyumbani jifunze kutazama mdomo, miguu na vidole. Weupe hausaidii, maana karibu wote ni weupe. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya manjano, kana kwamba amekanyaga bakuli la binzari. Yule anayefuata ng'ombe ni mfupi, shingo nene, mdomo mfupi wa manjano. Mkubwa kabisa hufikia karibu mita 1, na mdomo wake hubadilika: kwa kawaida ni wa manjano, msimu wa kuzaliana huwa mweusi. Kwa hiyo usimtambue kwa rangi hiyo. Tazama mstari wa kinywa. Kwake unapita nyuma ya jicho, kwa yangeyange wa kimo cha kati unakomea chini ya jicho.

Sasa tope, ambalo limenikosesha mara nyingi. Yangeyange mdogo akitoka kwenye matope ya mikoko kule Kaole, karibu na mji wa Bagamoyo, ni mweusi hadi kucha, binzari yote imefunikwa. Mngoje aruke, au aingie maji safi anawe miguu. Usiharakishe, kwa sababu pwani hii ina ndugu yake wa sura mbili: wengine ni wa kijivu cha makaa wenye koo jeupe, wengine weupe kabisa. Wa kijivu hakusumbui. Mweupe ndiye kazi. Mara nyingi mdomo wake ni mnene kidogo, na manjano ya vidole hupanda mguuni. Kama hukuona vizuri, andika "yangeyange" tu, pamoja na saa na mahali. Jina la kubahatisha litakudanganya mwaka kesho utakapolisoma tena.

Beba maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyonaswa na tope. Kwenye mabwawa ya chumvi omba ruhusa kwanza kwa wanaofanya kazi pale. Ukiwa umekwenda mbali kwenye tope, maji yakigeuka nawe geuka: vijito vya katikati ya mikoko hujaa nyuma yako wakati mbele bado unaona pakavu.