Kutambua saratani ya ngozi: aina zake, zinavyoanza na jinsi ya kujikagua

Kwenye tabaka la juu la ngozi kuna seli za aina tatu za kujua. Chini kabisa zimo seli za msingi, zinazogawanyika kila siku kuzaa nyingine. Juu yake ziko seli bapa. Katikati ya seli za msingi zimetawanyika zile zinazotengeneza melanini, rangi inayoikinga ngozi na jua. Saratani huanza vinasaba vya seli mojawapo vinapoharibika, seli ikawa inagawanyika bila kukoma.

Saratani ya seli za msingi hutokea zaidi usoni. Huwa kinundu kinachong'aa, chenye mishipa midogo ya damu juu yake. Kwa mtu mweusi mara nyingi kinundu huwa cheusi. Hukua taratibu na ni nadra kusambaa, lakini kikiachwa hula pua au kope.

Saratani ya seli bapa ndiyo inayowaumiza zaidi watu wenye ualbino Afrika Mashariki, kwa sababu ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa. Jua huharibu ngozi kidogo kidogo tangu utotoni. Kwanza hutokea mabaka makavu yanayokwaruza ukiyapapasa, hasa masikioni, mdomo wa chini, shingoni na mikononi. Mabaka hayo yanatibika kirahisi, na hapa ndipo pa kuwahi. Yakiachwa, baadhi hugeuka kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachotoa damu, na baadaye ugonjwa huingia kwenye tezi za shingo.

Kwa watu weusi, aina hiyohiyo huota zaidi kwenye kovu la moto au kidonda ndugu cha miaka mingi, jua lisihusike. Kidonda cha zamani kikianza kuota nyama, kunuka tofauti au kutoa damu, usiendelee kukifunga bandeji tu.

Melanoma, inayotokana na seli za melanini, ndiyo hatari zaidi kwa kasi ya kusambaa. Kwa watu weusi hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia kwenye kidole cha mguu. Mara nyingi hudhaniwa ni jeraha la kiatu, sugu au fangasi, na miezi hupotea kwa dawa zisizohusika.

Saratani ya Kaposi ni tofauti: husababishwa na virusi (si VVU vyenyewe), na huwapata zaidi wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Madoa yake ya zambarau au meusi hayawashi. Hutokea miguuni na hata kwenye kaakaa. Ukiyaona, pima VVU.

Jikague mara moja kwa mwezi, mchana, penye mwanga. Pitia kichwa, nyuma ya masikio, mgongo (mwombe mtu akuangalizie), nyayo, katikati ya vidole na kila ukucha. Hina na piko huficha mambo, kwa hiyo kagua kabla ya kupaka. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Wa kutiliwa shaka ni ule wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka, au rangi inayomwagikia ngozi ya pembeni. Kwenye doa, angalia kama pande zake hazilingani, kingo zimechongoka, rangi zimechanganyika, upana umezidi milimita 6, na zaidi ya yote kama linabadilika. Lipige picha ukiwa umeweka rula pembeni, ulinganishe mwezi unaofuata.

Mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana pande zote na mikono mirefu, aepuke jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hata kukiwa na mawingu. Mafuta ya kukinga jua yawe na SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga) ya 30 au zaidi: kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, yarudiwe kila saa mbili. Kosa kubwa ni kupaka kidogo mno. Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao.

Kidonda kisichopona kwa wiki nne kipelekwe hospitali, kisichomwe wala kukatwa mtaani. Omba kikatwe kipande kipimwe maabara. Hata uvimbe ukiondolewa wote, nyama hiyo lazima ipimwe, kwani majibu ndiyo yanayoonyesha ni aina gani na kama kuna seli za saratani zilizobaki kwenye kingo.