Gapi jike mwenye rangi kali, mkague kwanza
Jamani wafugaji wa samaki wa mapambo, ukikuta gapi majike wanang'aa mwili mzima kama madume usikimbilie kulipa, rangi kidogo mkiani ni kawaida ila ikizidi huenda wamelishwa homoni ya kiume, methiltestosteroni, rangi inatoka chap lakini uzazi unaharibika, unamweka na dume miezi na miezi hupati kifaranga hata kimoja, inauma sana. Mwangalie lile pezi la chini nyuma ya tumbo, la jike linatakiwa liwe pana kama kipepeo cha mkaa, ukiona limeanza kuchongoka kama kijiti cha dume achana naye. Mi rangi naitafuta kwa kuwalisha spirulina, ule mwani wa kijani, na unga wa kamba wa majini, inachukua wiki kadhaa ila samaki wanazaa vizuri tu.