Umeambiwa mshipa mkubwa wa shingo umevimba? Fanya hivi miezi inayofuata

Shingo inauma upande mmoja tu, ukigusa chini ya kona ya taya pale mapigo yanapodunda unaruka, maumivu yanapanda mpaka sikioni, umeshameza antibayotiki za tonsi dozi mbili na wapi. Unapigwa ultrasaundi unaambiwa kuna uvimbe kuzunguka karotidi, ule mshipa unaopeleka damu kichwani. Mimi nilivyosikia hivyo niliwaza kupooza moja kwa moja, usiku sikulala.

Tulia kwanza. Hiyo hali siku hizi inaitwa TIPIC, kifupi cha Kiingereza cha uvimbe wa muda kuzunguka karotidi, zamani karotidinia, Mmarekani Temple Fay aliielezea tangu 1927. Jina jipya lilikuja 2017 madaktari wa Ufaransa walipokusanya wagonjwa 47, na wengi wao maumivu yalikata ndani ya wiki mbili hivi. Ila karibu mtu 1 kati ya 5 ilimrudia.

Sasa kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha ni yenyewe kweli, maana mshipa uliochanika kwa ndani nao unauma hapohapo. Kope ikilegea, mboni ya jicho upande huo ikawa ndogo, mdomo ukapinda, mkono ukaisha nguvu au maneno hayatoki, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Umevuka miaka 50 na taya linachoka ukitafuna au jicho linaingia giza, mwambie daktari mapema. Na wewe binti unayeambiwa mapigo ya mkono mmoja hayapatikani, sema pia, hayo ni magonjwa mengine ya mishipa, yanatibiwa muda mrefu sio wiki mbili.

Dawa huwa ni ibuprofeni au za jamii hiyo, unameza ukiwa umeshakula chakula. Una vidonda vya tumbo, shida ya figo au mjamzito, usijinunulie tu duka la dawa.

Halafu jamani shingo isikandwe! Yule kinyozi anayekumalizia kwa kukugeuza kichwa mpaka kilie ka, mwambie leo hapana. Na usijibonye pande zote mbili kwa pamoja kutafuta uvimbe, unaweza kuzimia.

Baada ya miezi 3 hivi rudia ultrasaundi, na beba majibu ya kwanza. Mimi karatasi niliiacha kwenye daladala, daktari wa pili akaangalia kioo akaniuliza "mwanzo ulikuwa nene kiasi gani?" nikabaki namtazama. Unene kidogo unaweza kubaki wakati maumivu yameisha zamani, ndio maana wanataka kulinganisha. Wakikuta na mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa hiyo ni kesi nyingine ya presha, sukari na sigara, isichanganywe na hii.

Ikirudi, andika tarehe na upande. Yangu ilirudi mwezi wa nane, upande uleule, siku tisa ikakata, na safari hii picha zote zilikuwa kwenye simu.