Kabla hujanunua GPU (kadi ya grafiksi, ile inayotoa picha kwenye skrini) nyingine, hakikisha kwanza kama hiyo uliyonayo imekufa kweli

Wakuu, hili jambo linaniuma kwasababu naona watu wanapoteza hela bure. Desktopu inawashwa, feni zinazunguka, skrini nyeusi, mtu anaambiwa "hapo GPU imekufa", anajikusanya anaenda Kariakoo kununua nyingine, anaipachika na skrini bado nyeusi vilevile, kumbe ramu (memori ya kompyuta) tu ndo ilikuwa imelegea. Kadi ya grafiksi ni kitu cha mwisho kukihukumu, sio cha kwanza, maana vitu vinavyoigiza ugonjwa wake ni vingi na karibu vyote unaweza kuvipima mwenyewe nyumbani bila kulipa mtu.

Anza na kebo, usione ni kitu kidogo. Angalia umechomeka wapi, maana kompyuta yenye kadi huwa ina matundu ya HDMI sehemu mbili, ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yako juu na ya kadi yako chini yamelala, na mashine nyingi ukishaweka kadi zile za juu zinazimwa zenyewe. Halafu badilisha kebo, jaribu tundu lingine la kadi, jaribu na TV ya sebuleni, na hakikisha monita imechaguliwa HDMI na haijabaki kwenye VGA.

Kama picha inakuja lakini ina mistari, vidoti vya rangi au vimiraba vinavyorukaruka, hapo tulia kidogo maana ndo penye ushahidi mzuri kuliko kote. Piga skrinshoti wakati huohuo mistari ikiwepo, itume kwenye simu uifungue huko. Ukiiona mistari ndani ya picha hata kwenye simu, basi imetengenezwa ndani ya kompyuta yenyewe, iwe kadi au draiva (programu inayoiendesha kadi). Picha ikiwa safi, shuku kebo, monita au tundu la kutolea picha. Kisha restati uingie BIOS (ile menyu ya kompyuta kabla Windows haijapanda), kwa mashine nyingi unabonyeza F2 au Delete, ukae humo dakika kadhaa uangalie. Kule draiva ya Windows haijaanza kazi, kwahiyo mistari ikionekana mpaka huko na kebo ulishabadilisha, hiyo ni hadwea, na mara nyingi ni memori ya kadi inaondoka. BIOS ikiwa safi na fujo zinaanza Windows ikishapanda, bado una matumaini makubwa.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi, ndo ufungue. Toa kadi (kuna kile kiklipu cha mwisho wa sloti, kibonyeze usivute kwa nguvu), chomeka monita kwenye madabodi uwashe. Ila jua prosesa yako kwanza, Intel zenye herufi F mwishoni kama i5-10400F hazina grafiksi ya ndani, na Ryzen 5 3600 nayo haina, hizo hazitakuonyesha kitu bila kadi hata kila kitu kiwe kizima. Hapohapo toa ramu zote, futa miguu yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye spiriti safi, rudisha moja moja kwenye sloti tofauti. Miguu ya kadi nayo ifute hivyohivyo, sisi wa pwani chumvi na unyevu vinakula hizi sehemu taratibu na vumbi linamalizia. Mashine ikipiga mlio, sikiliza: kwenye BIOS kadhaa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi maana yake shida iko upande wa picha.

Sasa umeme, na hapa ndo nawaomba sana mnielewe. Sloti ya PCIe (pale kadi inapopachikwa) inatoa wati 75 tu, waya wa pini 6 kutoka powasaplai (lile boksi la kugawa umeme ndani ya kesi) unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Watu wengi tunanunua desktopu zilizotoka maofisini, mfano Dell OptiPlex 7010 ya zamani ya 2012, ile ya kesi ndogo ina powasaplai ya wati 240 na ile ya mnara 275, halafu mtu anataka kadi ya RX 580 ambayo peke yake inakula kama 185 na watengenezaji wanapendekeza powasaplai ya 500. Hiyo mashine itafanya kazi vizuri ukiangalia muvi, ukifungua gemu inazima au inajirestati palepale, na lawama zinaenda kwa kadi. Dalili ya kuzima ghafla kama umeme umekatika ni powasaplai mara nyingi kuliko kadi, kwahiyo azima powasaplai yenye nguvu ya kutosha ujaribu.

Kama inaganda sekunde chache skrini inakuwa nyeusi inarudi, au unapata skrini ya bluu imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE, maana yake Windows ilisubiri kadi ijibu ikakaa kimya. Inaweza kuwa draiva. Ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), safisha draiva yote kwa DDU (programu ya kufuta draiva za kadi), weka mpya kutoka NVIDIA au AMD wenyewe, na ikikataa jaribu toleo la zamani kidogo. Ukirudia hivyo na Device Manager ya Windows bado inaleta Code 43 (yaani kadi imeripoti hitilafu ikasimamishwa), naanza kuiogopea kadi kweli.

Joto lipime kwa GPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za kadi) huku FurMark (programu ya kuichosha kadi) inaendesha, usiondoke hapo, ikipita nyuzi 90 za Selsiasi zima, safisha vumbi na ubadilishe pesti (ile ya kupitisha joto kati ya chipu na kipozeo). Feni zikisimama wakati hufanyi kitu usishtuke, kadi nyingi za siku hizi zimeundwa hivyo mpaka zipate moto.

Jaribio la kumaliza ubishi ni moja, peleka kadi yako kwenye mashine ya mwenzako yenye umeme wa kutosha. Ikigoma na kule kwa dalili zilezile, imekufa. Na tafadhali usiiweke kwenye oveni kama zile video zinavyoonyesha, hata zinazoamka huwa zinarudia kulala muda si mrefu, na ule moshi wa plastiki na solda haufai kabisa kwenye oveni ya chakula cha watoto.

Ukienda kununua iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na ufungue GPU-Z, kuna kadi za zamani zimebadilishwa BIOS ya kadi yenyewe (programu iliyo ndani yake) zijiite GTX 1050 Ti na GPU-Z huwa inaandika FAKE kwenye jina ikizigundua. Akikataa kuiwasha, usitoe hela.