Somo: Adesi na ghol (kinywaji cha mtindi) ya Kibengali kwa ndimu ya gondhoraj

Haya wadau, leo jiko la Kolkata, mji wa Wabengali kule India. Kule wana ndimu yao inaitwa gondhoraj, imerefuka kidogo, ganda nene, maji kiduchu, ila ukilikwaruza ganda kwa kucha tu chumba kizima kinanukia. Utamu wake uko kwenye ganda na majani na moto ukizidi harufu yote inapotea, basi mkilishika hilo mengine mteremko.

ADESI
1. Osha adesi nyekundu kikombe 1 (Wakenya, kamande), maji vikombe 3, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi. Chemsha dakika 20 hivi mpaka zivurugike, povu likipanda litoe.
2. Kikaangoni weka mafuta ya haradali vijiko 2 vya kula, yapashe mpaka yaanze kufuka moshi ule ukali upungue, punguza moto, tupia pilipili kavu 1, habasoda nusu kijiko cha chai na pilipili mbichi 2 ulizopasua. Kitunguu hamna, swaumu hamna, najua mtalalamika ila vinafunika harufu. Mimina kwenye adesi, zitokote kidogo.
3. ZIMA MOTO. Ndo uchanechane majani 3 ya gondhoraj utie, funika dakika 5. Ndimu yenyewe kila mtu anajikamulia kwenye sahani yake, juu ya wali mweupe.

GHOL
Hiki kinywaji cha joto la mwezi wa 4 na wa 5 kabla mvua hazijashuka. Mtindi mzito kikombe 1, maji baridi kikombe 1 na nusu, sukari vijiko 2, chumvi nyeusi ya Kihindi kidogo sana, ile inanuka yai lakini kwenye mtindi inakaa vizuri ajabu. Piga mpaka itoe povu, kwaruzia ganda la kijani TU maana ile nyeupe chungu, malizia na maji ya ndimu kijiko kimoja.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Gondhoraj huku sijawahi hata kuiona, nifanyeje?
– Kamulia ndimu yetu ya kawaida, na kwa harufu chuma majani machanga ya mlimau, yatoe kabla ya kula. Haitakuwa ileile ila inakaribia. Maji ya ndimu ya chupa hapana, dada.

Mdau wa London: Chupa ya mafuta ya haradali imeandikwa ya kupaka mwilini tu??
– Ulaya na Marekani wanaandika hivyo sababu ya asidi ya erusiki iliyomo, inayohofiwa kudhuru moyo. Wabengali wanapikia miaka yote, lakini kama una wasiwasi tumia alizeti na utie mbegu za haradali kidogo.

Huyohuyo tena: Sasa mbona jirani yangu wa Sylhet, Bangladesh, anachemsha nyama na ndimu yenye ganda na inatoka tamu?
– Hiyo ni shatkora, ndugu, jamii nyingine ya ndimu, mambo tofauti kabisa. Pale ule uchungu wa ganda ndo unatafutwa, wanakata vipande wanatia kwenye nyama ya ng'ombe iive nayo. Na wewe umekaa pazuri, maduka ya Wabangladeshi ya East London wanaiuza hata ya kugandishwa.

Mdau wa Mombasa: Ghol naweza tumia maziwa fresh?
– Ukitia ndimu yatakatika. Mtindi tu.