Alama iko juu ya adui, risasi yaingia ukutani: kurekebisha kamera na ulengaji katika gemu za nyuma ya bega

Katika gemu ambazo kamera hukaa nyuma ya bega la mhusika, malalamiko yanayosikika zaidi katika vyumba vya gemu vya mtaa wa Langoni, Lamu, ni mawili: "kamera inapitiliza" na "nimempiga, mbona hafi?" Dawa inayokimbiliwa ni moja tu, ile namba ya kasi ya kamera, inayopandishwa na kushushwa jioni nzima. Namba hiyo inafaa iguswe baada ya runinga na padi kukaguliwa. Ukianza nayo, utaizoesha mikono yako kufidia kasoro ya kifaa, na siku ukihamia padi nyingine utaanza upya.

Kabla ya lolote, fungua kurasa za mipangilio ya kamera na udhibiti, uzipige picha kwa simu. Padi na akaunti za chumba cha gemu hupita mikononi mwa wengi, na bila picha hutajua ulipotoka.

Hatua ya 1: Runinga

Gemu ya fremu 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila milisekunde 16.7. Runinga iliyowekwa kwa ajili ya filamu huichakata kila picha kabla ya kuionyesha: hulainisha mwendo, hunoa kingo, hukoleza rangi. Katika baadhi ya runinga kazi hiyo hula zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu 6. Unasukuma kijiti, alama ya shabaha haijasogea, unasukuma zaidi, kisha msogeo wote unatokea kwa mkupuo na kumpita adui. Unarudisha, inapita upande wa pili. Kupunguza kasi ya kamera hakuponyi hilo, kwani kuchelewa kunabaki kulekule.

Washa hali ya gemu ya runinga. Katika runinga nyingi huwekwa kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo ukihamisha waya, angalia tena. Zima kila kitu cha kulainisha mwendo. Kama simu yako inarekodi video ya fremu 240 kwa sekunde, irekodi kidole na skrini pamoja ukibonyeza L2, kitufe cha kulenga, mara moja, kisha hesabu fremu kati ya kidole kushuka na bunduki kuinuka. Kila fremu ni takriban milisekunde 4. Jumla itabeba pia ucheleweshaji wa gemu yenyewe, ambao ni mkubwa zaidi kwa gemu za fremu 30, basi usiihukumu peke yake. Linganisha kabla na baada.

Hatua ya 2: Padi na eneo mfu

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na bara. Ndani ya padi nyingi, DualShock 4 (padi ya PlayStation 4) ikiwemo, kila kijiti kina vijisanduku viwili ubavuni, kimoja cha mlalo na kimoja cha wima. Ndani ya kila kimoja, ulimi mdogo wa chuma husugua njia ya kaboni, na umeme unaopita ndio unaoiambia gemu kijiti kiko wapi. Vumbi, jasho na unyevu wenye chumvi vikiingia, au kaboni ikilika, padi hutuma habari ya uongo: kamera inazunguka yenyewe na hakuna aliyegusa. Padi inayolala karibu na dirisha linalotazama bahari huathirika upesi. Ifungie ndani ya kopo lenye mfuniko.

Kupima: kwenye mipangilio, shusha eneo mfu, yaani sehemu ya katikati ya kijiti ambayo gemu huipuuza, hadi chini kabisa, weka padi mezani, iache sekunde 30. Kamera ikitulia, vuta kijiti cha kulia hadi mwisho na ukiachie ghafla, mara 10 kwa kila upande wa pande nne. Tazama inakosimama kamera. Ikiteleza upande mmoja tu, kijisanduku kimoja ndicho kibovu.

Lipandishe eneo mfu kidogo kidogo mpaka mteremko, yaani kamera kujisogeza yenyewe, ukome, kisha ongeza hatua moja. Padi nzima huridhika na asilimia 5 hadi 10. Ukilazimika kupita 15, usiendelee kupandisha. Eneo mfu la asilimia 20 linakula sehemu ya tano ya safari ya kijiti, na sehemu hiyohiyo ndiyo unayoihitaji kusogeza alama kutoka bega la adui hadi kichwani. Padi ya namna hii inataka fundi.

Usafi wa DualShock 4: fungua skrubu nne za nyuma kwa bisibisi ya nyota (Phillips) namba 00. Tenganisha ganda taratibu, kwani utepe mwembamba unaounganisha nusu mbili hukatika upesi. Chomoa betri. Dondosha tone moja la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye kila kijisanduku, zungusha kijiti mara 30, acha ikauke angalau nusu saa. Usitie mafuta ya bawaba wala manukato ya spiriti. Ya kwanza huacha utando, ya pili ina maji. Mteremko ukirudi baada ya siku chache, kaboni imekwisha na kijiti kizima kitabadilishwa: nukta 14 za risasi ya kuchomelea, kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Mwombe, akiwa navyo, vijiti vinavyotumia sumaku. Havina kinachosuguana, hivyo haviliki kwa njia ile, ila vitahitaji kusawazishwa baada ya kufungwa.

Hatua ya 3: Kasi

Sasa gusa namba ile. Simama mahali wazi, sukuma kijiti cha kulia hadi mwisho, pima muda wa mzunguko mzima. Sekunde 1.5 hadi 2 ni mwanzo mzuri. Kasi ya wima iwe kama robo tatu ya mlalo, kwa sababu maadui wengi hukimbia pembeni, wachache hupanda na kushuka. Kasi ya kulenga, yaani ukiwa umeshika L2, ianze nusu ya kasi ya kawaida. Zima mwongezeko wa kasi, ule unaoifanya kamera ikimbie zaidi kadiri unavyoshikilia kijiti, maana huo huharibu kumbukumbu ya kidole gumba. Badilisha namba moja kwa wakati, hatua moja tu, ucheze raundi tatu kabla ya kuamua.

Kuna wanaosukuma kijiti kinyume kila wanaposhtuka. Kwao kuna mpangilio wa kugeuza. Aliyekulia kwenye mashua anajua kwamba kana (mpini wa usukani) ikisukumwa kulia, omo (mbele ya chombo) huenda kushoto, na kidole kilichozoea hivyo hakina kosa lolote. Geuza mlalo, wima, au vyote viwili. Kinachotakiwa ni mkono kutotafakari.

Hatua ya 4: Mstari wa jicho na mstari wa mtutu

Hili ndilo linalowaudhi watu kuliko yote, na hakuna mpangilio unaoliondoa. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 iliiweka kamera nyuma ya bega la kulia, na gemu nyingi zikafuata. Kamera iko pembeni na juu ya mtutu, kwa hiyo kuna mistari miwili. Wa kwanza unatoka kwenye kamera kupitia alama ya shabaha hadi unakogonga kitu. Wa pili unatoka mtutuni kuelekea nukta hiyohiyo. Kamera inaweza kumwona adui kupitia ukingo wa nguzo wakati mtutu bado uko nyuma ya nguzo. Alama iko kifuani mwake, risasi inachimba chokaa mbele yako.

Fanya hivi kwenye kila pembe:

Kwanza, jua bega lako. Katika Fortnite kamera hukaa kulia. Pembe nzuri ni ile ambayo ukuta uko kushoto kwako na unachungulia kwa kulia: kamera inatoka kabla ya mwili, unamwona adui naye haoni chochote cha kulenga. Pembe ya upande wa pili inakulazimisha utoe mwili wote kwanza.

Pili, gemu ikiwa na kitufe cha kubadilisha bega, kiweke pale kidole kinapofika bila kuachia kijiti, na ukibonyeze kabla ya kufika kwenye pembe ya kushoto.

Tatu, ukishamwona, toka nusu hatua zaidi ndipo ufyatue. Gemu kadhaa huonyesha alama ndogo ya pili pale risasi itakapozuiwa. Itazame hiyo kabla ya kumtazama adui.

Njia nyembamba zina tatizo lake. Fikiria vichochoro vya mtaa wa Mkomani, Lamu: punda mwenye shehena akipita, nawe hujibanza ukutani. Kamera ya gemu nayo inahitaji nafasi nyuma yako. Ukiupa ukuta mgongo, gemu huivuta kamera mbele isizame ndani ya mawe. Kichwa cha mhusika kinajaa skrini, na alama inaruka. Basi pita katikati ya njia, uache urefu wa kichochoro uwe nyuma yako. Shika L2 kabla ya kuingia, kamera isogee mapema, usingoje iruke ukiwa umeshaonana na mtu.

Hatua ya 5: Mengineyo

Zima ukungu wa mwendo na mtikisiko wa kamera. Kama gemu inakuruhusu kupanua uwanja wa kuona, panua kiasi. Ukizidisha, adui wa mbali huwa mdogo kama punje. Katika PUBG Mobile kasi ya kutazama huru, ya kamera na ya kulenga kila moja ina namba yake, na darubini kadhalika, basi usizinakili kwa pamoja. Jairoskopu, yaani kihisi kinachosogeza kamera unapoinamisha simu, itumie kwa masahihisho madogo ya mwisho, kidole kibaki na mizunguko mikubwa. Musimu wa kaskazi, vidole vikitoka jasho, pangusa kioo kila raundi.

Hatua ya 6: Lenga kwa miguu

Dakika 10 kabla ya kucheza, chagua nguzo moja umbali wa kati. Weka alama juu yake, kisha tembea kushoto na kulia kwa kijiti cha kushoto, kijiti cha kulia kikigusa kidogo tu ili alama isitoke. Baadaye iache kamera kabisa: msubiri anayepita, mfikishe kwenye alama kwa hatua zako za pembeni. Masahihisho ya mlalo yakifanywa na miguu, kijiti cha kulia kinabaki na kazi ya kwenda juu na chini. Rudia pande zote mbili, kwa sababu bega la kamera hufanya upande mmoja uwe mwepesi kuliko mwingine. Ule mzito upe dakika 6 kati ya zile 10.